Kabla ya Kuihamisha Programu ya Mteja

Nyuma ya kaunta za maduka mengi ya jumla pale Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, kuna kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa kuzuia vumbi, na ndani yake mna programu ya stoo ambayo haipo kwingine kokote duniani. Fundi mmoja aliiandika kwa ajili ya duka moja, kwa Visual Basic au Access, au kwa PHP inayoendeshwa na kompyuta hiyohiyo. Kumbukumbu zote za biashara zimo katika diski moja, na nakala ya akiba iko kwenye flashi inayokaa droo ya chini ya meza ileile, kwa hiyo siku mwizi akiingia ataondoka na vyote viwili. Kama unasoma haya, huenda fundi huyo ni wewe, au umeirithi kazi kwa mwenzio aliyehamia Dar es Salaam. Simu inalia saa mbili asubuhi: fundi, mfumo umegoma. Siku hizi mteja ana jingine la kuongeza. Anataka kuona mauzo kwenye simu akiwa Muheza kwenye machungwa, na amesikia kuna mambo ya wingu ambayo mtu anaunda mfumo kwa kuburuta na kubofya tu. Hapo unajiuliza uandike kila kitu upya au uache fani.

Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Hamisha kwanza pale taarifa inapozaliwa, yaani kwenye mizani, mlango wa ghala, au kituo cha kupokelea mali, na ofisi ya hesabu iache iwe ya mwisho. Mteja alikulipa miaka yote hiyo kwa sababu ulilijua kauntabuku lake: nani anakopeshwa, gunia linahesabiwa kwa uzito au kwa idadi, punguzo linatolewa kabla au baada ya usafiri. Ujuzi huo hauna kitufe cha kubofya. Zana mpya zinakupunguzia kazi ya kuandika. Kazi ya kujua zinakuachia yote, na zinakuadhibu haraka zaidi usipojua.

Kwanza tuelewane maneno. Wingu ni kompyuta za watu wengine unazozikodi kupitia intaneti, nazo ziko mahali panapojulikana. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Zana za msimbo mchache ni zile zinazokupa fomu, jedwali na kanuni zilizokwisha kuundwa, wewe ukapanga. (Nasema msimbo makusudi. Wengi tunasema kodi, lakini jaribu kumwambia mwenye duka kwamba umekuja kumwongezea kodi, uone uso wake.) Jina la kundi hili la zana lilianza kutumika mwaka 2014, ila wazo ni la zamani. Visual Basic ilipotoka 1991, na Access 1992, sifa yao kubwa ilikuwa hiyohiyo: buruta kitufe, kiweke kwenye fomu, andika mistari michache nyuma yake. Waandishi wa programu za C waliwacheka waliozitumia. Kwa hiyo fundi wa Access anayeogopa kuburuta na kubofya anaogopa kazi aliyoifanya miaka 20. Kilichobadilika ni kwamba jedwali limetoka mezani, na watu kumi wanaweza kuliandika kwa pamoja kutoka sehemu kumi.

Ushahidi kwamba njia hii inafaa kwetu haupo mbali. Ingia zahanati yoyote kuanzia Mkinga hadi Pangani utavikuta vitabu vya MTUHA mezani, vile vikubwa vyenye safu nyingi, ambamo muuguzi anaandika kila mgonjwa na kila mtoto aliyechanjwa. Jumla za mwezi zinapanda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake katika nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kiini cha DHIS2 kimeandikwa kwa Java na wataalamu, lakini fomu zake zinaundwa na watu wa takwimu bila kuandika mstari wa msimbo: unataja kipengele, unakipa jina, unaamua kiingizwe kwa wiki au kwa mwezi. Wenzetu wa Kenya walipokuwa wakijiandaa kuueneza nchi nzima mwaka 2011, mpango wa awali ulikuwa wa kizamani, wa kuweka programu kwenye kompyuta ya kila wilaya halafu kuunganisha mafaili baadaye. Walipoujaribu katika Mkoa wa Pwani, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, walikuta modemu za kampuni za simu zinatosha kuifikia seva moja ya kati. Mpango wa kompyuta za wilaya ukawekwa kando, na mwaka huohuo mfumo ukaenea nchi nzima kwa seva moja.

Yapo mawili ya kuchukua hapo. Wakenya waliamua baada ya kupima mtandao kwa modemu, pale ambapo kazi ingefanyika; hawakuchukua ahadi ya muuzaji. Nalo la pili watu hulipita haraka: hapa kwetu vitabu vya MTUHA havikuondolewa. Karatasi ilibaki chanzo, na kilichohamishwa kwanza ni safari ya jumla kutoka karatasi hadi ofisini, ambako makosa na ucheleweshaji vilikuwa vimejaa. Fundi anayeanza kwa kumnyang'anya karani daftari lake anaanza na adui.

Sasa tuchukue kazi ya Tanga yenyewe. Tangu miaka ya 1990 mkoa huu una mnyororo wa maziwa unaoeleweka: wafugaji wadogo katika vyama vya msingi, chama kikuu cha TDCU, vituo vya kukusanyia, na kiwanda cha Tanga Fresh. Chukulia kituo chochote cha aina hiyo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mfugaji anashusha keni la aluminiamu kutoka kwenye baiskeli. Karani anachota kidogo, anachanganya na spiriti kwa kipimo sawa kwenye kibomba cha kioo, anatikisa; yakiganda, maziwa hayapokelewi. Anaangalia lactometa kujua kama yameongezwa maji. Kisha anapima lita, anaandika kwenye kauntabuku la kituo na kwenye kadi ya mfugaji, na mwenye keni la pili ameshaanza kukohoa nyuma. Yote haya ni dakika moja au mbili. Mwisho wa mwezi kurasa hizo zinahesabiwa kwa kikokotoo, jumla zinaingizwa kwenye programu ya ofisini, makato ya pumba na dawa ya kuogeshea yanatolewa, na mfugaji analipwa. Mfugaji akidai kwamba lita zake 14 za tarehe 9 hazipo, programu haina la kumjibu, kwa sababu inajua jumla tu. Tarehe 9 imo kwenye kauntabuku.

Hapo ndipo pa kuanzia. Fomu ya simu yenye vitu vitano: namba ya mfugaji, asubuhi au jioni, lita, yamepokelewa au yamekataliwa, na sababu ya kukataliwa. Saa na jina la karani simu iandike yenyewe. Zana kama KoboToolbox, AppSheet au Power Apps zitakupa fomu hiyo kwa siku moja, na siku hiyo moja ndiyo inayowadanganya mafundi wengi wakadhani kazi imekwisha. Kazi iko kwenye maswali ambayo fomu haikuulizi. Mtu anatambuliwa kwa nini? Jina halifai, chama cha watu 200 hapa pwani kitakuwa na akina Mohamed Ali wanne. Namba ya simu pia haifai, maana mke na mume hutumia moja, na laini hubadilishwa. Toa namba ya chama isiyobadilika na uiandike kwenye kadi. Nani anaruhusiwa kusahihisha? Kwenye kauntabuku, karani akikosea anakata kwa mstari mmoja na maandishi ya chini bado yanasomeka. Hilo ni somo la uhasibu kongwe kuliko kompyuta, nawe uliheshimu: usiruhusu safu kufutwa, bali ruhusu safu mpya ya masahihisho yenye sababu na jina la mtu. Zana nyingi za kubofya zinaacha kufuta kuwe wazi kwa kila mtumiaji hadi wewe ukufunge.

Halafu kaa na karani asubuhi tatu kabla hujafungua zana yoyote, uangalie pembeni mwa ukurasa. Karani mzoefu huwa na safu aliyoichora mwenyewe kwa rula, isiyokuwemo kwenye programu yako: alama ya anayeleta maziwa ya jirani pamoja na yake, au ya keni lililokopeshwa. Programu ya ofisini haijawahi kuiona safu hiyo kwa sababu haikuwa na nafasi yake, na kituo kimekuwa kikiendeshwa nayo miaka yote. Ukihamisha majedwali ya Access jinsi yalivyo, utahamisha na upofu wake.

Ukishaunda fomu, iendeshe sambamba na daftari kwa mwezi mzima wa malipo. Mwezi, si wiki, kwa kuwa makosa ya makato yanaonekana siku ya kulipa tu. Siku hiyo toa jumla ya kila mfugaji kwa njia zote mbili na uziweke ubavu kwa ubavu. Zikitofautiana usikimbilie kusema daftari limekosea; fuata lita moja baada ya nyingine hadi ujue. Mara nyingi utakuta tofauti ni ya kanuni: programu ya zamani ilikuwa inakata nusu lita kwenda chini, simu inaihesabu. Kumbe kwa miaka kadhaa kuna watu walikuwa wanapunjwa, au kuna makubaliano ya zamani ambayo hakuna aliyeyaandika. Uamuzi huo ni wa mkutano wa chama. Wewe peleka hesabu tu.

Pingamizi la kwanza utakalolisikia ni la mtandao, na ni la haki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSY na Seacom ziliharibika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Huduma zilisuasua kwa siku kadhaa. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa tena. Wenye mifumo iliyohitaji intaneti kwa kila bofyo walirudi kwenye karatasi. (Wenyeji wa Tanga tuna bahati ya kuchanganya mkonge wetu na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano; zote ni nyuzi, zote hukatika.) Ila pingamizi hili linaangusha aina moja tu ya wingu, ile isiyofanya lolote bila mtandao. KoboToolbox, ODK ambayo imezaa nyingi za aina hii, na programu ya simu ya DHIS2 huhifadhi kilichoandikwa ndani ya simu na kukituma mtandao ukirudi. Kwa hiyo jaribio la kwanza unalofanya kwa zana yoyote kabla hujalipia ni hili: weka simu kwenye hali ya ndege, ingiza rekodi 30, izime, iwashe, kisha rudisha mtandao. Zikifika zote 30, kila moja mara moja, endelea. Zikifika 29, tafuta zana nyingine. Usisahau pia upande wa pili wa mizani: diski iliyo mezani nayo hufa, umeme ukirudi kwa kishindo, na ikifa hakuna kusubiri waya utengenezwe.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na mimi silioni likipewa uzito unaostahili. Programu ya zamani ililipiwa mara moja. Zana za wingu nyingi zinatozwa kwa dola, kwa mwezi, kwa kila mtumiaji. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kiasi cha shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,700 kwa muda. Bei haikubadilika, mteja akalipa zaidi. Tena tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ankara yako kwa mteja ni ya shilingi wakati wewe unalipa dola, na hatari ya kubadilika kwa thamani umeibeba kichwani. Iandike kwenye mkataba: bei ipitiwe kila miezi sita. Punguza pia vichwa vinavyotozwa. Kituo chenye zamu mbili kinahitaji akaunti moja ya simu ya kituo na namba ya siri ya kila karani ndani ya fomu, endapo masharti ya zana yanaruhusu. Yasome kwanza, maana baadhi yanakataza. Na pale watumiaji ni wengi, kama chama chenye vituo kumi, fikiria zana huria unazoziweka kwenye seva ya kukodi. ERPNext na Odoo toleo la jumuiya hazitozi kwa kichwa. Hapo gharama inahama kutoka kwenye leseni na kuja kwenye saa zako za kuitunza seva. Kama huna saa hizo, leseni ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Wapo watakaokwambia kwamba ukijenga juu ya zana ya mtu umejifunga kwake. Ni kweli. Google iliizima App Maker Januari 2021, na waliokuwa wamejenga humo walipewa takribani mwaka mmoja wa kuhama. Microsoft nayo ilizifunga Access za mtandaoni mwaka 2018. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu uhuru tunaouacha. Msaada wa zana ya Visual Basic 6 ulikoma 2008, wa FoxPro Januari 2015, wa Windows 10 Oktoba 2025. Ile programu "yako" ilikuwa inaning'inia kwenye uamuzi wa watu wa mbali siku zote, ila kamba ilikuwa ndefu. Tanga inajua habari ya kutegemea kitu kimoja: mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulifikisha nchi zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, mashamba yakataifishwa, na uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo ya kiwango kile. Kinga yako ni ndogo na ya kuchosha: kila Ijumaa, data yote itoke kwenye zana kama jedwali la kawaida la CSV na ikae mahali pengine, na kanuni za mteja ziandikwe kwa Kiswahili cha kawaida kwenye kurasa mbili tatu. Mwenye vitu hivyo viwili anaweza kujenga upya kwa zana nyingine ndani ya wiki mbili. Asiyekuwa navyo hawezi, hata kama msimbo wote ni wake.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume husika, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Orodha ya wafugaji yenye majina, simu na malipo ni taarifa binafsi, na seva ya Johannesburg ni nje ya nchi. Mweleze mteja mapema, kwa maandishi. Na jambo ambalo halimo kwenye sheria ila linavunja urafiki mwingi: fungua akaunti ya wingu kwa barua pepe ya mteja, si yako. Siku mkigombana, au siku ukipata kazi Dodoma, chama kisilazimike kukutafuta ili kione lita zake.

Bado msimbo una kazi, tena ile ngumu. Risiti za TRA, iwe kwa mashine ya EFD au kwa mfumo wa mtandao, zinataka mawasiliano yenye saini za kidijitali ambayo zana za kubofya haziyamudu peke yake. Mizani ya zamani inayotoa uzito kwa waya inataka programu ndogo ya kuisoma. Malipo ya simu yanapoingia, lazima kitu kilinganishe namba ya muamala na deni la mtu, na kiamue la kufanya pale mtu anapolipa mara mbili. Viungo hivi vidogo ndivyo utakavyoandika sasa, mistari 200 hapa na 300 pale, na kila kimoja kitahitaji umakini kuliko skrini zote 40 ulizowahi kuchora. Lipisha ipasavyo. Bei ya fomu ishuke, bei ya kiungo na ya utunzaji wa kila mwezi ipande, na mteja aelezwe sababu kabla hajaona ankara.

Chagua na wakati. Usihamishe mtu wa machungwa msimu ukiwa umepamba moto, wala duka la nguo na vyakula katikati ya Ramadhani. Masika ni mabaya kwa vituo vya vijijini, kwa barabara na kwa umeme. Baada ya vituo vyote kutulia kwa miezi mitatu ndipo uiguse ofisi ya hesabu, na hata hapo hamisha masalio ya kufungulia na mwaka mmoja wa nyuma tu. Iliyobaki iache ilipo. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo kompyuta ile ya mezani usiitupe na usiipe watoto wa bosi wachezee gemu. Ichomoe kwenye mtandao, itoe nakala mbili za diski, moja ikae nje ya jengo hilo, na kwenye karatasi moja uandike tarehe ya ingizo la mwisho na jinsi ya kuifungua programu, uikabidhi kwa mwenyewe aiweke pamoja na hati za kiwanja. Kitambaa kirudishe juu yake.